Nilipata daraja la kwanza kidato cha sita, chuoni nimepata 7 kati ya 20

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Ukerewe, niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi katika chuo kimoja hapa Mwanza na nimepanga chumba Nyegezi. Kidato cha sita nilisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) nikapata daraja la kwanza la pointi 8. Testi ya kwanza ya maikroekonomiki nimepata 7 kati ya 20, na nilisoma kweli, notsi zote nilizipitia mara tatu. Swali lililoniua lilikuwa na alama 12: walitoa Q = 100 − 2P, wakataka unyumbufu wa mahitaji (yaani wateja wanapunguza kununua kwa kiasi gani bei ikipanda) bei ikiwa 20, na kama muuzaji apandishe bei au asipandishe. Nilieleza maana ya unyumbufu na sababu sita zinazouathiri. Nimepewa 2. Wenzangu waliotoka shule za Dar na Arusha wanajibu darasani kwa Kiingereza kinachotiririka, mimi kunyoosha mkono siwezi. Nafikiria kuhamia ualimu au niahirishe mwaka. Mama anauza dagaa Nansio, bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, ikitoka huwa namtumia kidogo, na anaamini binti yake ni kichwa. Nimwambie?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: usihame na usiahirishe kwa sababu ya testi moja. Kuhama kozi kuna dirisha lake mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na matokeo ya testi ya kwanza yanapobandikwa, mara nyingi dirisha hilo limeshafungwa. Kuahirisha kumewekwa kwa ajili ya ugonjwa, uzazi, msiba na mambo ya aina hiyo, na kwa mwenye mkopo kunasimamisha fedha za kujikimu. Ualimu nao si mahali pa kujificha. Mwalimu wa uchumi atasimama ubaoni afundishe unyumbufu huohuo.

Tupige hesabu, maana naona hofu yako ni kubwa kuliko hasara yenyewe. Vyuo vyetu vingi hugawa alama 100 za somo hivi: 40 za kozi waki na 60 za mtihani wa mwisho wa muhula, ule mnaouita UE. Tuseme ndani ya zile 40 kila testi ina 15 na asaimenti ina 10. Mgawanyo halisi wa somo lako uko kwenye muhtasari mliopewa wiki ya kwanza (au ambao umelala kwenye simu ya CR, kiongozi wa darasa lenu, tangu wiki ya kwanza, mwombe). 7 kati ya 20 inakuwa 5.25 kati ya 15, kwa hiyo umepoteza alama zisizofika 10 kati ya 100. Testi ya pili ukipata 12 kati ya 20, hiyo ni 9. Asaimenti ukipata 7, kozi waki inafika 21.25. UE ukitoa 36 kati ya 60, jumla ni 57.25, na hiyo ni B kwa viwango vinavyotumika vyuo vingi nchini, ambako B inaanzia 50, B+ 60 na A 70. Ukiitaka B+ itabidi UE ikupe 38.75. Sikupambi, ni kujumlisha tu. Ila kuna kitu kimoja cha kuangalia leo hii: vyuo vingine vinataka mwanafunzi awe na angalau 16 kati ya 40 ndipo aruhusiwe kuingia UE. Tafuta kanuni za mitihani za chuo chako, usome mwenyewe, usiambiwe na mtu wa geto la jirani.

Sasa turudi kwenye lile swali la alama 12, kwa sababu limebeba karibu kila kitu unachoniuliza.

Tulilete Nansio. Tuseme P ni bei ya debe la dagaa kwa maelfu ya shilingi, na Q ni madebe yanayouzwa kwa siku. Bei ikiwa 20, yaani elfu ishirini, Q ni 100 toa 40, madebe 60. Kila bei ikipanda kwa elfu moja, wateja wanapunguza madebe mawili. Hiyo ndiyo ile −2 iliyo mbele ya P, na ndiyo mnayoipata kwa difarensiesheni, ile hesabu ya kutafuta kasi ya mabadiliko. Unyumbufu ni hiyo −2 ukizidisha kwa bei ukagawa kwa idadi: −2 × 20 ÷ 60, jibu ni −0.67. Ukiondoa alama ya kutoa, ni pungufu ya 1. Maana yake wateja hawakimbii kwa kasi ya kupanda kwa bei, hivyo muuzaji akipandisha kidogo mapato yanaongezeka. Hakiki: kwa elfu 20 anauza madebe 60, anapata 1,200,000. Akipandisha hadi elfu 22 anauza madebe 56, anapata 1,232,000. Akifika elfu 25 ndiyo kileleni. Akivuka hapo, anaanza kujikata mwenyewe. Mama yako anaijua hesabu hii bila kuandika popote, na wewe umekulia ndani yake.

Ulichokiandika kwenye karatasi hakikuwa uongo. Maana ya unyumbufu ni sahihi, na sababu sita nina hakika ni sahihi. Uliandika jibu la kidato cha sita: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Jibu hilo lilikupa pointi 8 kwa sababu mitihani ile inalipa kumbukumbu iliyopangwa vizuri. Msahihishaji wa chuo alikuuliza kitu kingine: nimekupa namba, zitumie, halafu uniamulie. Alikupa 2 kwa fasili, akatafuta uamuzi, hakuuona.

Hapa ndipo kilipo chanzo, na sikioni kichwani mwako. Shule ya bweni ilikufanyia kazi tatu ambazo huenda hukuwahi kuziona kuwa ni kazi. Mwalimu wa somo aliamua nini usome: aliandika notsi ubaoni, ukanakili, na mtihani ukatoka humo. Kengele ya prepo na mwalimu wa zamu waliamua usome saa ngapi. Majaribio ya kila mwezi na moko yalikuambia kama umeelewa, tena mapema, kabla ya Mei. Ulipofika chuo kazi zote tatu ulikabidhiwa wewe, bila mtu kukutangazia. Wiki ya mapokezi wanawaonyesha maktaba, wanawapa vitambulisho, wanawaimbia kuhusu maadili, wanawasomea kanuni nyingi kwa asubuhi moja. La kukabidhiwa kazi hizi hawaligusi, na mimi naona ndilo lililostahili wiki nzima.

Chukua ile ya muda. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 120. Muhula mmoja basi ni krediti 60, saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, kama mwajiriwa. Somo la krediti 12 linadai saa 8 kwa wiki, na ratiba yako pengine inaonyesha lekcha za saa mbili au tatu na semina ya saa moja. Zile nne au tano zilizobaki hazijaandikwa popote. Fasti yea anaangalia ratiba, anaona Jumatano mchana iko tupu, anadhani ni mapumziko. Somo limehamia hapo.

Wewe lakini unasema ulisoma, tena mara tatu, nami nakuamini. Kusoma mara tatu ndiko kulikokudanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio nililowahi kulisimulia kwa karibu kila darasa nililolifundisha. Wanafunzi wa chuo walipewa matini fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kinachokumbukwa bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojijaribu asilimia 61. Na kibaya zaidi, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Ukurasa ukishauona mara ya tatu unakuwa mwenyeji wako, macho yanateleza, unasema hii naijua. Unachokijua ni sura ya ukurasa.

Kwa hiyo nataka ufanye hivi, na nitakuonyesha kwa ukurasa mmoja tu. Lekcha ikiisha, jioni ileile, kabla hujafungua notsi, chukua karatasi tupu uandike kila unachokumbuka. Itakuwa aibu, nusu ukurasa labda. Kisha fungua notsi, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza kilichokosekana. Halafu pembeni ya kila aya ya notsi andika swali linalojibiwa na aya hiyo. Usiandike «Unyumbufu ni nini?» Hilo ni swali la kidato cha tatu. Andika «Nipe mstari wa mahitaji na bei, muuzaji afanye nini?» Siku mbili tatu baadaye funika aya, soma swali, jibu kwa kuandika, ukiwa na namba ulizobuni mwenyewe: Q = 80 − 4P, bei 15. Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma. Mahali usipokwama huna sababu ya kupasoma tena, hata kama roho inapapenda.

Madesa (notsi za kunakili) na pasti pepa zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi, nunua, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni ile karatasi ya majibu inayokuja imebanwa nyuma yake. Ing'oe, mpe mwenzako akutunzie. Fanya swali kwa muda wa mtihani, simu ikiwa mbali, kisha mfuate uchukue majibu. Anayesoma swali na jibu kwa pamoja anarudia kosa lako lilelile kwa fedha zake.

Hesabu yenyewe nayo ina habari yake. HGE inakupitisha kwenye BAM (Basic Applied Mathematics, hesabu za msingi), si Hisabati kamili ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na wengi mnaisoma BAM ili ipite tu. Kisha mtihani wa Mei, kisha JKT au nyumbani, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi mitano au sita kitabu cha hesabu hakijafunguliwa. Mhadhiri akifika kwenye difarensiesheni anapita kwa dakika kumi akisema mmeisoma. Rudi kwenye kitabu chako cha BAM, sura ya difarensiesheni peke yake, na utenge wikendi mbili au tatu kwa ajili yake. Maikroekonomiki ya mwaka wa kwanza haihitaji zaidi ya kanuni chache za pale, pamoja na kuchora mistari na kutatua milinganyo miwili kwa pamoja. Ukiziacha, makroekonomiki itakukuta nazo, takwimu itakukuta nazo, na miaka ya mbele ekonometriki haitakuwa na huruma.

Sasa hao wa Kiingereza kinachotiririka. Nimekaa mbele ya madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na nakuhakikishia kwamba anayeongea wa kwanza na anayepata A mara nyingi si mtu mmoja. Ila sitaki kukuambia upuuze, kwa sababu hisia ya kwamba «mahali hapa si pa watu kama mimi» inaumiza masomo kwelikweli. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 utafiti waliofanya kwenye chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa muda wa takribani saa moja tu, walisoma maelezo ya kaka na dada zao wa miaka ya juu: nilipofika nilijiona mgeni, nilidhani wote wananizidi, baadaye ikapungua. Kisha wakaandika kwa maneno yao namna jambo hilo linavyowahusu. Kwa wanafunzi Weusi, ambao chuoni hapo walikuwa wachache, alama zilipanda kwa miaka mitatu iliyofuata na pengo kati yao na Wazungu likapungua kwa nusu. Marekani si Nyegezi, na saa moja haifundishi difarensiesheni. Lakini ukikutana na dada wa mwaka wa tatu aliyetoka Ukara, Sengerema au Kwimba, mwulize testi yake ya kwanza ilikuwaje. Muulize namba, usiridhike na «ilikuwa ngumu».

Tengeneza kundi la diskasheni la watu wanne. Saba ni wengi, wawili kati yao watakuja kusikiliza tu. Sharti liwe moja: karatasi zimefungwa, kila mtu anaeleza jambo moja, wengine wanamkatiza kwa «kwa nini?» Elezeni kwa Kiswahili, na kama kuna Mkerewe mwenzako, hata Kikerewe. Kuna wahadhiri wanaokataza hilo, mimi siwaungi mkono: jambo ambalo huwezi kumweleza mama yako sokoni hujalielewa, hata ukiwa umelikariri kwa Kiingereza cha Oxford. Ila mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, hilo hatulikwepi. Basi mkimaliza, kila mmoja aandike palepale aya moja ya Kiingereza, sentensi tano, ya kile alichoeleza, mbadilishane na kusahihishana. Sentensi fupi fupi. Nimesahihisha karatasi nyingi za watoto wa shule ghali wenye aya ndefu zinazopendeza na ndani hamna kitu.

Kunyoosha mkono mbele ya watu mia tatu si lazima. Nenda ofisini. Wahadhiri wengi wana saa za kuonana na wanafunzi zilizobandikwa mlangoni, na wengi wanakaa saa hizo peke yao. Kuna wanaosoma slaidi darasani kama risala ya mgeni rasmi, sitawatetea, lakini hata hao ukiwafuata na karatasi mkononi wanabadilika. Usiende na «Dokta, sijaelewa topiki». Hakuna anayeweza kukusaidia kwa hilo. Nenda na karatasi yako ya testi na useme: «Shikamoo Dokta. Swali la pili nilieleza maana na sababu, nimepata 2. Nimelirudia hivi, nimepata −0.67, nikaamua apandishe bei. Je, hapa ungenipa ngapi, na nini bado kinakosekana?» Atakuonyesha anachotafuta anaposahihisha, na hicho hakimo kwenye notsi za mtu yeyote. Kama Dokta hapatikani, yupo msaidizi wake anayeendesha semina. Huyo aliufanya mtihani huu miaka michache tu iliyopita.

La fedha nitalipitia kwa kifupi. Ile ya mkopo, ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, na inapokuja kwa mkupuo wa siku kama 60 inaonekana kama utajiri. Kodi ya chumba itoe kwanza, chakula cha siku zote 60 kitenge pili, kisha kaa na mama mkubaliane kiasi kimoja kisichobadilika. Najua inavyokuwa: usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mzigo sokoni unakauka, na simu ya nyumbani inapigwa wiki hiyo. Mkiwa na kiasi mlichokubaliana, hutalazimika kuamua ukiwa na huruma na njaa kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeishiwa wiki ya kumi hasomi, anazunguka mageto kutafuta ugali.

Na ndiyo, mwambie. Usimwambie kwamba umefeli, maana hujafeli, na usimfiche mpaka sapu, mtihani wa kurudia, itoke. Mwambie kwa namba: nimepata 7 kati ya 20, kuna testi nyingine, kuna asaimenti, mtihani mkubwa bado, na hiki ndicho ninachokifanya. Kisha mpe lile swali la dagaa. Muulize akipandisha debe kwa elfu mbili wateja wake wangapi wanaondoka, na wa gengeni wanatofautianaje na wa hotelini. Atakupa mifano ya unyumbufu ambayo darasa lako zima halina, na utaiandika kwenye asaimenti.

Testi ya pili ikirudi, niandikie tena, unitajie alama na swali ulilopoteza zaidi. Ikiwa utakuwa umefanya haya na bado uko chini ya 8, hapo tutazungumza kuhusu kozi, ukiwa na karatasi zote mbili mezani, na tutakuwa tumewahi dirisha la mwaka ujao.